Nauli ya Mwandishi

Miji hujulikana kwa mambo yake. Mmoja hujulikana kwa bandari, mwingine kwa karafuu, mwingine kwa madini. Arusha hujulikana kwa mikutano. Hapo ndipo lilipopitishwa Azimio lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, na jina la mji likachukuliwa nalo kwenda nchi za mbali. Hapo Warwanda walitia sahihi mapatano yao ya amani mwezi wa Agosti 1993, na Warundi yao mwezi wa Agosti 2000. Hapo, mwezi wa Novemba 1999, wakuu wa Kenya, Uganda na Tanzania waliifufua kwa mkataba Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyokuwa imevunjika mwaka 1977. Hapo tena, kwa muda wa miaka ishirini hivi, ilikaa Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu wakosaji wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, nayo ikafunga milango yake mwisho wa mwaka 2015. Katika siku za mambo hayo makubwa waandishi wa habari walikuja kutoka pande zote za dunia, wakajaa hotelini, wakaandika usiku, na maneno yao yakasomwa kesho yake London na Paris.

Lakini katika mji huohuo, na katika vijiji viuzungukavyo chini ya Mlima Meru, hufanyika mikutano mingine isiyojaza hoteli. Watu hukaa juu ya madawati ya shule au katika kivuli cha mti. Mwenyekiti hufungua, mtendaji husoma taarifa ya mapato na matumizi kwa sauti ya haraka, mtu mmoja au wawili huuliza, mikono huinuliwa, mkutano hufungwa. Katika mikutano hiyo husemwa ni kitongoji kipi kitakachopata bomba la maji mwaka huu na kipi kitakachongoja, mchango wa darasa la shule utakuwa shilingi ngapi kwa kila kaya, na njia iliyoliwa na mvua itatengenezwa lini. Mabaraza yaliyo juu yake huamua ushuru wa gunia la maharage katika soko la Tengeru na kodi ya kizimba katika soko la Kilombero. Ni mambo madogo kwa mtu aliye mbali, lakini ndiyo yajazayo maisha ya mtu aliye karibu. Aghalabu hapana mwandishi hata mmoja wa kuyasikiliza. Insha hii ni juu ya mwandishi yule ahudhuriaye, aliyeajiriwa na ofisi ya habari isiyotafuta faida, na juu ya swali lionekanalo dogo kuliko yote katika kazi yake, nalo ni hili: nani amemlipia nauli?

Mtu asiyeyajua mabaraza haya hawezi kuijua kazi ya mwandishi wake. Tanzania bara ilipata uhuru ikiwa na mabaraza ya miji na ya wilaya. Mwaka 1972 serikali iliyavunja, madaraka yakapelekwa mikoani na kutiwa mikononi mwa watumishi wa serikali kuu, kwa matumaini kwamba maendeleo yangekwenda mbio zaidi. Maendeleo hayakwenda mbio. Barabara za miji ziliharibika, taka zikazagaa, na mwaka 1978 miji ikarudishiwa mabaraza yake. Sheria mpya zilitungwa mwaka 1982, na mwaka 1984 wilaya nazo zikarudishiwa yao. Katiba, katika ibara ya 145 na ya 146, inasema kwamba shabaha ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Leo, kuuzunguka mlima mmoja, ziko halmashauri tatu: ya Jiji la Arusha, ya Arusha, na ya Meru iliyo na makao yake Usa River, hizi mbili za mwisho zimegawana wilaya ya Arumeru. Kila moja ina baraza la madiwani likutanalo kila miezi mitatu. Chini ya baraza ziko kata, na chini ya kata iko mitaa kwa upande wa mjini, na vijiji na vitongoji kwa upande wa shamba. Kila mkazi wa kijiji aliyetimia miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji chake, na sheria inautaka mkutano huo ukutane kila miezi mitatu, usomewe hesabu zake. Kwa maandishi, serikali imeletwa karibu sana na mlango wa mtu. Iliyobaki ni kama mtu huyo anasikia isemavyo.

Watu wa Meru hawakuhitaji kufundishwa na mgeni bei ya kuamuliwa mambo bila ya kusikilizwa. Baada ya vita kuu ya pili serikali ya Kiingereza ilimweka Jaji Mark Wilson aichunguze ardhi ya Arusha na Moshi, naye katika taarifa yake akashauri ardhi ya pande hizo ipangwe upya baina ya wenyeji na walowezi. Katika mpango huo Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa mlima, ilitengwa iwe ya walowezi wa Kizungu. Wameru walikataa. Hawakutia sahihi, hawakuchukua fidia, wakaandika barua na kutuma wajumbe. Mwezi wa Novemba 1951 watu wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikatiwa moto, na mifugo yao ikaswagwa kupelekwa mahali ambako wengi wake walikufa. Taarifa zilikuwako, tume ilikuwako, barua zilikuwako. Kilichokosekana ni sauti iliyofika mahali ambapo uamuzi ungeweza kugeuzwa.

Ndipo Wameru walipotenda jambo listahililo kukumbukwa na kila mwandishi aliye chini ya mlima huo. Walichanga fedha. Watu waliokuwa wamenyang'anywa ardhi walitoa shilingi zao mojamoja, wakamlipia nauli Kirilo Japhet, mmoja wao, aende New York pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 shauri la Wameru lilisemwa mbele ya Umoja wa Mataifa. Kamati ya Baraza Kuu iliwaunga mkono; lakini katika Baraza lenyewe azimio halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajiwa, na ardhi haikurudi wakati ule. Hata hivyo nauli ile haikupotea. Kirilo Japhet aliporudi alikuwa na habari za kueleza, na watu waliomtuma walikuwa na haki ya kuziuliza. Hakuwa mwandishi wa gazeti, lakini alikuwa na sifa ya kwanza ya mwandishi mwema: alisafiri kwa fedha za wale aliowasemea, na aliporudi hakuwa na bwana mwingine wa kumtolea hesabu.

Hapana budi kuitazama sifa hiyo mbele ya hali ya magazeti ya leo. Gazeti la biashara huishi kwa kuuzwa na kwa matangazo. Makao yake yako Dar es Salaam, na mikoani huwa na waandishi wachache, walio wengi wao wa kujitegemea, ambao hulipwa kwa habari mojamoja, tena kwa ile iliyochapwa tu. Habari ya mkutano wa kijiji haipandishi mauzo ya gazeti. Hivyo malipo yake, kama yakipatikana, yaweza yasitoshe gharama ya kupanda gari mpaka Ngarenanyuki na kurudi. Mwandishi wa namna hiyo akibaki mjini, hapana haki ya kumwita mvivu. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Hapo ndipo gari la halmashauri linapokuja. Halmashauri ina safari ya kwenda kukagua mradi. Ina nafasi katika gari. Ina chakula cha mchana, na mwisho wa safari ina bahasha iitwayo posho. Wahenga walisema kwamba mkono mtupu haulambwi, nao walisema kweli juu ya ulimwengu kama ulivyo. Mwandishi aliyekwenda kwa gari hilo huona yale ambayo njia ya gari hilo hupita. Huona zahanati iliyopakwa rangi jana; haioni ile iliyo nyuma ya kilima isiyo na paa. Huandika kweli tupu, neno kwa neno, juu ya zahanati ya kwanza. Hakusema uongo wala hakuhongwa kwa maana ya mahakama. Lakini msomaji wake amedanganyika, na hapana atakayeweza kuonyesha ni katika sentensi gani. Na gazeti lenyewe, lipatalo fedha nyingi za matangazo kwa mashirika ya umma na ofisi za serikali, lina sababu yake ya kutomuuliza mwandishi wake alisafirije.

Ofisi ya habari isiyotafuta faida ilibuniwa ili kuukata uzi huo. Haina wenye hisa wa kugawana mapato, wala haingoji habari iuzike ndipo iandikwe. Fedha zake hutoka katika amana, michango ya wasomaji, au misaada ya mashirika, nazo zikizidi hurudi kazini. Wazo hili si geni duniani. Uingereza, gazeti la Guardian liliwekwa chini ya amana mwaka 1936 ili lisinunuliwe wala kuelekezwa na mwenye mali. Marekani, mwaka 1909 ukiwa umepita kwa karne nzima, yaani mwaka 2009, ilianzishwa Texas Tribune katika mji wa Austin kwa ajili ya kuandika habari za serikali ya jimbo lile, kwa kuwa magazeti ya biashara yalikuwa yakipunguza waandishi wao. Mwaka 2018 BBC ilianza kugharimia waandishi wapatao 150 wa magazeti na vituo vya mitaani, ambao kazi yao ni kukaa katika mabaraza ya miji na wilaya na kuandika yasemwayo humo. Maana hata katika nchi yenye magazeti mengi viti vya waandishi katika mabaraza hayo vilikuwa vimebaki vitupu.

Arusha yenyewe imeionja kazi ya namna hii. Shirika la Hirondelle la Uswisi, lililoanzishwa mwaka 1995 na lisilotafuta faida, liliweka katika mji huo ofisi ya habari iliyofuata kesi za Mahakama ya Rwanda siku kwa siku. Waandishi wakubwa walikuja siku ya hukumu, wakaondoka na ndege ya jioni. Waandishi wa ofisi hiyo walibaki kusikiliza shahidi wa tatu, na wa thelathini, katika siku ambazo ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Kwa upande wa nchi nzima, Mfuko wa Vyombo vya Habari Tanzania ulioanza mwaka 2008 ulitoa fedha kwa waandishi walioomba kwenda vijijini kuchunguza mambo yagusayo watu, na redio za jamii, kama ile ya Orkonerei iliyoko Terrat katika Simanjiro, zimekuwa zikisema na wafugaji kwa Kimaasai na kwa Kiswahili juu ya mambo yao wenyewe. Kinachozifunga pamoja kazi hizi mbalimbali ni kwamba katika kila moja kuna mtu aliyeweza kwenda mahali ambapo biashara isingempeleka.

Na afikiriwe sasa mwandishi mmoja wa mfano, mwajiriwa wa ofisi ya namna hiyo, aliyepewa halmashauri tatu za mlima. Mwaka wake hauanzi Januari, huanza tarehe 1 Julai, pamoja na mwaka wa fedha wa serikali. Katika miezi ya mwisho wa mwaka hufuata mipango ipandayo kutoka vijijini kwenda katani. Januari na Februari huyafuata makisio yapitapo katika baraza. Mwezi wa Aprili hungoja taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ifikishwe Bungeni, na katika kitabu kile kihusucho serikali za mitaa hutafuta halmashauri zake: ipi imepata hati safi, ipi hati yenye mashaka, ipi hati chafu, na kwa sababu gani. Baina ya nyakati hizo ziko siku za baraza. Madiwani huingia, meya au mwenyekiti huketi, dua husomwa, taarifa za kata hutolewa. Mwandishi hukaa nyuma na daftari lake. Saa ya jambo gumu ikifika, aghalabu hutoka sauti isemayo kwamba baraza lijigeuze kamati. Hapo wageni huombwa kutoka nje, na waandishi ni wageni. Mwandishi hutoka, husimama ukumbini, huandika saa na dakika ya kutolewa kwake pamoja na jina la jambo lililokuwa likijadiliwa. Hiyo nayo ni habari, na mara nyingine ndiyo habari ya siku nzima.

Fundi mwema huijua kazi yake kwa vitu vidogo. Sheria iliyowekwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri zitoe asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwezi wa Aprili 2023 serikali iliisimamisha mikopo hiyo kwa sababu ya mikopo isiyorudishwa na vikundi vilivyokuwako katika karatasi tu, ambavyo watu waliviita vikundi hewa. Ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mtu aliyekaa ofisini aliweza kuandika kusimamishwa na kurudishwa kwake. Lakini kikundi hewa hakionekani kutoka ofisini. Lazima mtu aichukue orodha, aende katika kata, aulize mtaa, agonge mlango, aambiwe na mwenye nyumba kwamba hajapata kulisikia jina hilo. Kisha aende mlango wa pili, akute wanawake saba na cherehani nne wakifanya kazi kweli, na wamekwisha kurudisha nusu ya deni. Milango yote miwili yastahili kuandikwa. Wa kwanza ukiandikwa bila ya wa pili, wanawake saba wamedhulumiwa.

Maji ni somo kubwa zaidi. Mlima Meru ni mlima wa volkano, na maji yatokayo katika mawe yake huwa na madini ya floraidi, mahali pengine mengi kupita kiasi. Alama yake huonekana katika meno ya rangi ya kahawia ya watu wa pande hizo, na kwa walioyanywa maji makali zaidi tangu utoto, katika mifupa iliyopinda. Shirika la Afya Duniani limeshauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia kiasi kikubwa kuliko hicho, kisha ikashusha kipimo chake hadi 1.5. Huko Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichofundisha njia ya kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Basi, taarifa ya kata isomapo kwamba kisima kimechimbwa na mradi umekamilika, wote hupiga makofi, na makofi hayo si ya bure, maana mama aliyekuwa akitembea saa mbili sasa hutembea robo saa. Lakini mwandishi wa mlima huo hana budi kuuliza swali la pili: maji hayo yamepimwa, na kipimo chake ni kiasi gani? Swali hilo halina uadui wala chama. Huulizwa kwa adabu, na jibu lisipotolewa barazani, huandikwa barua. Kwa kuwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 humpa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na huipa ofisi hiyo siku 30 za kujibu. Kisha mwandishi hupanda gari kwenda kukiona kisima.

Afikapo, jambo la kwanza si kuuliza bali ni kuulizwa. Mzee aliyeketi nje ya nyumba yake huitikia shikamoo, humtazama mgeni, hutazama njia aliyotokea, kisha husema, "Marahaba, mwanangu. Umekuja na gari la nani?" Katika swali hilo mna elimu nyingi. Mzee ameona magari mengi: la chama, la halmashauri, la shirika, la mnunuzi wa ardhi. Kila gari lilikuja na masikio yake, nalo lilisikia lilichokuja kusikia. Mwandishi akijibu kwamba amekuja kwa gari la abiria mpaka njia panda, na kutoka hapo kwa pikipiki aliyoilipa mwenyewe, mzee huenda akasema, "Basi kaa." Si kwamba ameaminiwa, bado. Lakini mlango wa kuaminiwa umefunguliwa, na umefunguliwa na nauli.

Kazi hiyo ina hatari zake. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, iliyorekebishwa mwaka 2023, ilimtaka mwandishi awe na kitambulisho na gazeti liwe na leseni, na adhabu zake zilikuwa za kutisha. Tarehe 18 Mei 2017, wiki mbili hivi baada ya ajali ya basi huko Karatu iliyoua wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wa shule ya Lucky Vincent, polisi walimkamata meya wa Arusha shuleni hapo pamoja na watu waliokuja kutoa rambirambi, na miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo waandishi wa habari 10. Waliachiliwa baadaye; lakini kila mwandishi wa Arusha alijifunza kwamba hata mahali pa msiba, kushika kalamu kwaweza kuhesabiwa kuwa kosa. Kisha ziko hatari zisizokuwa na pingu. Baraza la Jiji lililochaguliwa mwaka 2015 lilikuwa la upinzani karibu lote. Katika chaguzi za mitaa na vijiji za mwaka 2019 na 2024 chama kinachotawala kilipata zaidi ya asilimia 98 ya viti nchini. Iwe chama hiki au kile, baraza la watu wa upande mmoja hukosa mtu wa kuuliza, na swali lililokuwa la diwani humwangukia mwandishi. Atakapouliza, ataitwa mpinzani. Asipouliza, hapana mwingine.

Kwa hiyo hapana budi awe mwangalifu kuliko watu wote. Mji ule ndio ulioisikia hukumu ya Desemba 2003, ambayo Mahakama ya Rwanda iliwatia hatiani watu watatu wa redio na gazeti kwa maneno yao yaliyochochea mauaji. Kalamu na kipaza sauti si vitu vyema kwa asili yao. Hufuata moyo wa avishikaye. Mithali ya Kiswahili husema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni mithali nzuri kwa mtu apimaye hali ya mambo, lakini ni mbaya kwa mwandishi. Yeye hulipwa ili ajue kama lipo, au laja, au halitakuja kamwe. Mtendaji wa kijiji aliyeitwa mwizi sokoni yawezekana ni mwizi. Yawezekana pia kwamba fedha zililetwa kwa kuchelewa, na risiti zake zote zimo katika sanduku. Mwandishi asiyeomba kuliona sanduku hilo hana tofauti na soko.

Imebaki kusemwa hatari iliyo ndani ya nyumba yenyewe. Ofisi isiyotafuta faida haikuepukana na nauli; imebadili mlipaji. Mfadhili naye ana gari, na gari lake lina njia yake. Mwaka huu apenda habari za mazingira, mwaka ujao za jinsia, mwaka wa tatu za uchaguzi. Zote ni njema, lakini bomba lililopasuka la kitongoji halijui ni mwaka wa nini. Hupenda pia hesabu: habari ngapi zimeandikwa, watu wangapi wamesoma, maofisa wangapi wamewajibishwa. Mwandishi aliyehudhuria mikutano kumi na miwili isiyokuwa na kosa lolote, akaandika kwamba fedha zilitumika kama zilivyopangwa, ametenda kazi kubwa, ila hana cha kujaza katika fomu. Kisha mradi wa miaka mitatu humalizika, ofisi hufungwa, mwandishi huenda kutafuta kazi kwa msemaji wa halmashauri ileile, na madaftari yake hubaki katika sanduku. Kijiji kilichoanza kuzoea kusomewa mambo yake hurudi katika ukimya, na ukimya wa pili huwa mzito kuliko wa kwanza.

Dawa ya ugonjwa huo haijapatikana yote, ila sehemu yake hujulikana. Ofisi ya habari isomayo hesabu za watu na isisomeshe zake haina uso wa kuuliza. Na iandike kila mwaka, kwa Kiswahili na mahali ambapo mzee wa kijiji aweza kusomewa, kwamba ilipokea kiasi gani, kwa nani, kwa masharti gani, na ilitumia kwa nini. Na isikubali mfadhili mmoja awe mkubwa kiasi kwamba kuondoka kwake ni kufa kwake. Na itafute, hata ikiwa ni kidogo sana, mchango wa wale iwaandikiao: shilingi mia tano ya mwuza ndizi, elfu moja ya mwalimu, gunia la mahindi la chama cha ushirika. Watakaocheka na kusema kwamba fedha hizo haziwezi kuendesha ofisi watakuwa wamesema kweli. Hazitoshi mshahara wala mtambo. Lakini zaweza kutosha nauli ya kwenda kijiji kimoja na kurudi, na mwandishi aliyepanda gari kwa fedha hizo anajua ni nani aliyempeleka.

Wameru wa mwaka 1952 hawakuwa na gazeti lao, wala mfadhili, wala sheria ya kuomba taarifa. Walikuwa na shauri, na mtu wa kulichukua, na fedha chache zilizotoka katika mikono mingi. Leo shauri lao halihitaji tena kwenda New York. Liko Usa River, liko mjini Arusha, liko chini ya mti wa mkutano mkuu wa kijiji, na safari yake ni ya saa moja au mbili. Yafaa kuona aibu kidogo kwamba safari fupi hiyo imekuwa ngumu kulipiwa kuliko ile ya kuvuka bahari. Mabaraza yatakutana kila miezi mitatu, awepo mwandishi au asiwepo. Taarifa zitasomwa, mikono itainuliwa, fedha zitagawanywa. Nauli yake ni ndogo katika hesabu ya serikali yoyote, na ya shirika lolote. Lakini wale ambao bomba lao limengoja miaka mitano wana haki ya kujua lilisemwaje siku lilipoahirishwa, na nani alikuwa amekaa katika kiti cha nyuma akiandika.